Jirani Ambaye Bado Hajahamia



Mwanzoni mwa mwaka 2022 mji mdogo wa Woodside, katika jimbo la California nchini Marekani, ulitangaza kwamba eneo lake lote ni makazi ya puma, yule paka mkubwa wa milimani. Si kwamba puma walikuwa wameongezeka ghafla. Tarehe 1 Januari ya mwaka huo ilianza kutumika sheria ya jimbo inayomruhusu mwenye kiwanja cha nyumba moja kukigawa au kuongeza nyumba nyingine ndani yake, na sheria hiyo iliacha nje maeneo ya wanyama wanaolindwa. Woodside ni mji wa matajiri. Wakaona afadhali wahesabiwe kuwa wanaishi porini kuliko kuongezewa majirani. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Rob Bonta, akawaandikia kwamba sheria haisomwi hivyo, na haukupita muda mrefu wakaufuta uamuzi wao.

Mtu anaweza kucheka. Lakini chini ya kicheko kuna swali zito kwa Muislamu. Tangu madrasa tumesikia kwamba Jibril (a.s.) alimuusia sana Mtume (s.a.w.) juu ya jirani, mpaka Mtume akadhani jirani atapewa fungu katika mirathi. Tunapoisikia hadithi hiyo tunamfikiria mtu aliyekwisha kufika, ambaye ukuta wake unagusana na wetu. Je, yule anayezuiwa asifike ana haki gani?

Karibu na Woodside upo mji wa Atherton, miongoni mwa miji yenye nyumba ghali kabisa Marekani, ambako kiwanja katika sehemu kubwa ya mji hakitakiwi kupungua ekari moja. Jimbo liliutaka upange nafasi za nyumba 348 kwa kipindi cha 2023 hadi 2031. Nyumba 348 kwa miaka minane! Barua za kupinga zikamiminika. Mmoja wa walioandika ni tajiri wa teknolojia Marc Andreessen pamoja na mkewe, ilhali mwaka 2020 bwana huyo huyo alitoa makala mashuhuri ya kuwalaumu Wamarekani kwa kuacha kujenga, nyumba zikiwemo. Mwingine, mwanzoni mwa 2023, ni mcheza kikapu Stephen Curry, ambaye vijana wengi wa humu chuoni wanamshabikia. Yeye na mkewe walieleza wasiwasi juu ya usalama na faragha ya watoto wao, wakaomba kwamba ikiwa ujenzi utaendelea jirani na kwao, basi uwekwe uzio mrefu zaidi na miti ya kuzuia kuonekana.

Tusiwatie wote kapu moja. Mafakihi wasingefanya hivyo. Katika Majalla, mkusanyiko wa sheria za muamala uliotolewa na dola ya Uthmaniyya kati ya 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, zimo ibara kadhaa kuhusu majirani, na zina uhai wa ajabu kwa mtu aliyezoea kudhani kwamba fiqhi ni udhu na nikaha tu. Msingi ni kwamba mwenye mali hazuiwi kuitumia mali yake isipokuwa akimletea mwenzake madhara makubwa. Kisha wanapima. Kuidhoofisha nyumba ya jirani ni madhara makubwa. Kumzibia mwanga mpaka maandishi hayasomeki kwa giza ni madhara makubwa. Kumzuilia upepo au mandhari si madhara makubwa. Dirisha linaloelekea uani au jikoni, mahali wanapokaa wanawake wa nyumba ya pili, ni madhara makubwa, na mwenye dirisha ataamriwa aweke ukuta au kizuizi. Lakini halazimishwi kuliziba kabisa dirisha lake.

Hapo ndipo penye fundisho. Kwa kipimo hicho bwana Curry angepata uzio wake, kwani sitara ya familia ni haki. Asingepata zaidi ya uzio. Dawa ya dirisha ni kizuizi, na haijengwi hoja ya kumnyima mtu nyumba kwa sababu nyumba zina madirisha.

Malalamiko mengine katika ugomvi wa namna hii, kwamba bei za nyumba zitashuka au kwamba mtaa utapoteza sura yake, sioni yanaingia wapi. Chuki dhidi ya mpangaji katika sheria ya Marekani ni ya zamani: mwaka 1926, katika kesi ya mji wa Euclid iliyohalalisha mji kutenga maeneo ya ujenzi, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilifananisha jengo la wapangaji na kimelea kinachonyonya uzuri wa mtaa wa nyumba binafsi. Ilikuwa kesi ya ardhi, lakini ukisoma neno hilo unajua ni watu waliokuwa wakizungumzwa.

Na silaha hizo hizo zimetugeukia sisi. Huko Bernards Township, jimbo la New Jersey, Waislamu waliomba kujenga msikiti. Makanisa na masinagogi yalitakiwa nafasi moja ya gari kwa kila viti vitatu. Msikiti ukaambiwa uwe na nafasi 107. Vilifanyika vikao 39 vya hadhara katika muda wa karibu miaka minne, kisha ombi likakataliwa. Mahakama ikauona ubaguzi uliokuwamo katika hesabu ya maegesho, na mwaka 2017 mji ukakubali kulipa dola milioni 3.25. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini Muislamu mwenye nyumba nzuri anayeinuka kikaoni kulalamikia magari ya wapangaji maskini anasema maneno yale yale yaliyosemwa dhidi ya msikiti.

Atasema: mimi nilinunua nikiamini kanuni zilizokuwepo, na Waislamu hufungwa na masharti yao. Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Ila sharti huwafunga waliokubaliana, na muuguzi asiyepata chumba hakuwepo siku masharti yalipoandikwa. Tena huenda mchana mzima yupo hapo hapo mtaani, akimuuguza mama wa mwenye nyumba, halafu usiku anasafiri saa mbili kwenda kulala. Mtu wa namna hiyo sijui tutamwita nani kama si jirani.

Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumzuia jirani yake kuegemeza boriti kwenye ukuta wake. Imam Ahmad aliona amri hiyo ni wajibu, wengine wakaona ni jambo la kupendekezwa. Abu Hurayra (r.a.) alipowaona watu wanaipokea kwa ubaridi aliwakemea, akaapa kwamba ataitupa baina ya mabega yao. Angalia kinachoombwa: ukuta ni wako, boriti ni ya mwingine, na faida ni yake peke yake.

Sisi hapa Kampala hatuko mbali na ugomvi huu. Mji wetu ulipangwa na wakoloni kwa rangi na kwa vilima. Mpango wa Ernst May wa 1945 uliiweka Kololo na Naguru kila moja kwa watu wake, na Naguru na Nakawa zikajengewa wafanyakazi wa Kiafrika. Mwaka 2011 waliokuwa wakikaa katika nyumba hizo za Naguru na Nakawa waliondolewa kupisha mji mpya. Na baina ya kilima chetu cha Makerere na hospitali ya Mulago ipo Katanga, wanakotoka wengi wanaotukaangia rolex asubuhi na kutufulia nguo.

Siku ramani ya kuijenga upya Katanga itakapowekwa mezani, kuna mtu atapendekeza hosteli safi za wanafunzi, zenye intaneti na mlinzi getini, na tutaulizwa maoni yetu kama majirani. Tutapenda sana hosteli hizo. Muuza rolex hatakuwa amealikwa kikaoni. Atakayekuwa na fursa ya kuuliza yeye atalala wapi ni mmoja wetu.