Mkono wa Kushoto na Pesa za Umma

Masomo: Mathayo 6:1-4, Kutoka 38:21-31, 2 Wakorintho 8:18-21



Kila msimu wa basari washirika huniuliza swali lile lile, awe ni wa Likoni, Kisauni au Changamwe. Je, Mkristo anaruhusiwa kudai orodha ya waliopewa pesa ibandikwe ukutani, na huku Bwana alifundisha tutoe kwa siri? Wengine huongeza: mheshimiwa amesaidia, basi shukuru, kuuliza-uliza ni kukosa shukrani.

Tulisome Neno vizuri. Katika Mathayo 6 Yesu anasema na mtu anayetoa chake mwenyewe. Huyo ndiye anayekatazwa kupiga tarumbeta. Lakini pesa za CDF hazitoki mfukoni mwa mbunge, wala basari ya kaunti haitoki mfukoni mwa gavana. Kijana wa bodaboda akitia petroli pale Mtongwe, amelipa kodi. Mama akinunua sabuni na krediti ya simu pale Mtopanga, naye amelipa. Basi anayekugawia pesa hizo si mfadhili wako. Ni wakili, na wakili kazi yake ni kutoa hesabu.

Sisi tumegeuza mambo juu chini. Panapotakiwa unyenyekevu ndipo tarumbeta zinalia: hundi kubwa ya kadibodi, picha, jina la kiongozi limepakwa rangi kwenye ukuta wa darasa. Lakini ukiuliza waliopata ni wangapi, kila mmoja kapewa ngapi, na walichaguliwa vipi, waambiwa rudi kesho.

Mtazame Musa. Nani angethubutu kumshuku mtu aliyesema na Mungu? Hata hivyo Kutoka 38 inatuwekea hesabu nzima ya maskani, chini ya uangalizi wa Ithamari mwana wa Haruni. Dhahabu ilikuwa talanta 29 na shekeli 730. Fedha ilikuwa talanta 100 na shekeli 1,775, na hizo 1,775 zatajwa zilivyotumika, hadi kulabu za nguzo. Kulabu, mpendwa! Kilichotolewa na watu kilielezwa kwa watu.

Paulo naye, alipopeleka mchango wa watakatifu, hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate neno la kulaumu. Alitaka mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kusema "Mungu anajua" hakukumtosha Paulo. Mbona kututoshe sisi?

Nchi yetu nayo imetupa mlango. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 201 kinataka uwazi katika fedha za umma. Sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Kwa hiyo ukiandika barua kwa heshima, hujaasi mamlaka. Umetii sheria ya nchi.

Lakini kuna jambo moja linanigusa moyo. Mjane aweza kuniambia, "Pasta, mwanangu akitajwa hadharani, wenzake watamcheka." Hilo si dogo. Mungu wetu ni baba wa yatima, hapendi maskini aaibishwe. Ndiyo maana nasema hesabu iwe wazi, lakini machozi ya mtu yasitirwe. Andika shule, nambari ya mwanafunzi, kiasi alichopewa, na kanuni iliyotumika kumchagua. Ugonjwa wa mama yake au kifo cha baba yake si habari ya ubaoni. Tena tuwe macho: mara nyingi anayeitetea siri hiyo si mjane. Ni yule ambaye mtoto wake alipata na hakuhitaji, na siri hiyo humnyima yatima nafasi yake.

Nasi kanisani je? Mnakumbuka Novemba 2024, Rais alipotoa shilingi milioni 2 za nyumba ya padri na nyingine 600,000 katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Jimbo Kuu likatangaza kwamba pesa hizo zitarudishwa. Si watu wa dhehebu letu, lakini somo ni letu. Bahasha ikiletwa madhabahuni, tuna haki ya kujua imetoka wapi, na washirika wana haki ya kusomewa imefanya nini. Hatuwezi kudai daftari la mheshimiwa huku daftari letu limefungiwa kabatini.

Basi wiki hii, ukipita ofisini kwa chifu au ofisi ya CDF, uliza kwa upole mambo matatu: ziliingia ngapi, zimekwenda kwa nani, na kwa kanuni gani. Halafu njoo utuulize na sisi viongozi wako. Tunatakiwa kuwa na jibu.

Bwana atupe mikono safi. Amina.