Kutu na Mfereji wa Uzi

Vumbi hutoka nje. Linapeperuka kutoka barabarani, linatua juu ya cherehani, na ukipitisha kitambaa linaondoka huku cherehani ikibaki ile ile. Kutu ni habari nyingine. Ni chuma cha cherehani yenyewe kilichokutana na maji na hewa kikageuka. Hakuna namna ya kuiondoa bila kuondoa sehemu ya kitu unachokisafisha. Sugua mguu wa cherehani kwa msasa hadi ung'ae, kisha tazama ule unga mwekundu uliodondoka kwenye gazeti: nao uliwahi kuwa mguu wa cherehani.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa miezi kadhaa kwa sababu ya cherehani ya bibi yangu, Singer ya kukanyaga, iliyokaa stoo Tanga tangu alipofariki. Hewa ya bahari haina huruma na chuma. Namba yake inaanza kwa herufi mbili, ya kwanza E, ambazo ni alama za kiwanda cha Clydebank huko Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa 1980. Bibi alishonea sare za shule, msimu wake mkubwa ukiwa Januari, na katikati ya mwaka alipiga upindo kanga za mtaa mzima. Sasa shangazi anataka cherehani ishone tena, kwa kuwa mpwa wangu amemaliza mafunzo ya ushonaji na hana mashine. Kaka yangu anataka ing'arishwe iwekwe sebuleni kwake. Ameshaona hotelini miguu ya chuma ya cherehani za kale ikiwekewa kioo juu na kugeuzwa meza ya kahawa, na alinitumia picha. Nilicheka, lakini hoja yake si ya kijinga: anaogopa kwamba mikononi mwa fundi kitu cha bibi kitaisha kidogo kidogo, kipuri kwa kipuri.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuondoa kutu.

Kazi yenyewe inafundisha subira kuliko kitu chochote nilichosoma chuo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana skrubu yenye kutu hukaza kana kwamba imechomelewa. Ukiilazimisha kwa bisibisi, kichwa kinaliwa na hapo umejiongezea tatizo. Unadondoshea mafuta ya taa, unaondoka, unarudi kesho, unadondoshea tena. Vipande vidogo vya chuma kitupu, kama bamba la chini ya sindano na yale meno yanayosukuma kitambaa, unaweza kuvilaza kwenye siki usiku mmoja. Ukivisahau wiki nzima, siki itamaliza kutu kisha itaanza kula chuma kizima, kwa sababu haijui kutofautisha kama unavyojua wewe. Njia ya upole zaidi ni ya umeme: maji yaliyochanganywa na magadi soda, chaja ya betri, kipande chenye kutu kwenye waya hasi, na kipande kingine cha chuma usichokihitaji kwenye waya chanya. Kisiwe chuma kile kisichoshika kutu, maana maji yanaweza kuwa sumu. Fanyia kazi hiyo nje, mbali na moto, kwa sababu gesi inayotoka huwaka. Kutu inalegea na kuachia, chuma kizima hakiguswi. Lakini hata njia hiyo hairudishi chuma kilichokwisha kuondoka. Vishimo vilivyochimbwa na kutu vinabaki pale pale. Ukimaliza, kausha na upake mafuta papo hapo. Tanga, chuma kilicho uchi kinaweza kuanza kuwa chekundu kabla hujamaliza chai.

Mwili mweusi wa cherehani haupelekwi huko kote. Nakshi zake za dhahabu zimelala chini ya vanishi nyembamba, na brashi ya waya au spiriti inaweza kuzifuta kwa dakika chache. Nimeona mafundi wakizifuta kwa nia njema kabisa.

Mwaka 1903, huko Vienna, mwanahistoria wa sanaa Alois Riegl aliandika kuhusu thamani mbalimbali ambazo watu huzipa vitu vya kale. Mbili kati yake zinanihusu. Ipo thamani ya umri: tunakipenda kitu kwa sababu tunaona jinsi miaka ilivyopita juu yake. Ipo na thamani ya matumizi: tunakitaka kwa sababu kinafanya kazi. Riegl aliona wazi kwamba hizi mbili hugombana. Kabla yake, mwaka 1849, Mwingereza John Ruskin alikuwa ameshachagua upande. Kwake ukarabati wa majengo ya kale ulikuwa uongo, kwa kuwa roho ya fundi aliyekufa hairudishwi na fundi aliye hai.

Namheshimu Ruskin, lakini alikuwa akiwafikiria wajenzi wa makanisa ya mawe. Ukuta wa kanisa hauhitaji kulipa ada ya mtu. Cherehani iliundwa ifanye kazi, na kuiacha na kutu yake kwa kuheshimu umri wake ni kuheshimu miaka ambayo haikufanya kitu. Hapo ndipo nilipoanza kutofautisha mambo mawili ambayo mwanzoni niliyaita yote uzee. Kutu iliingia wakati hakuna aliyeitumia cherehani. Ukingo wa mbele, pale ambapo rangi nyeusi imeisha hadi chuma kikaonekana, umelika kwa kazi: kitambaa na kiganja vilipita hapo kila siku. Sehemu moja inasimulia kutelekezwa na nyingine inasimulia kazi. Msasa hauoni tofauti hiyo. Ni lazima aione anayeushika.

Hata simulizi za cherehani zimepigwa msasa. Gandhi, aliyekuwa na mashaka makubwa na mashine, mwaka 1924 aliitaja cherehani ya Singer kama mojawapo ya mashine anazozikubali, akisema Singer aliibuni kwa kumhurumia mkewe aliyechoshwa na kushona kwa mkono. Ni hadithi nzuri. Isaac Singer wa kweli alikuwa mwigizaji wa jukwaani aliyezaa watoto zaidi ya 20 na wanawake kadhaa, na hakujifanya kwamba alichokitafuta si pesa. Hadithi ya Gandhi inang'aa kuliko mtu mwenyewe, na mtu mwenyewe ndiye aliyesuguliwa akatoweka.

Kwa hiyo nilijipa kanuni: ondoa kutu, acha mlio wa kazi. Ilinitosha kwa wiki tatu hivi, hadi nilipofika kwenye ule mkono mdogo unaopanda na kushuka juu ya sindano ukivuta uzi. Kitundu chake kina mfereji. Ni mwembamba kama unywele, lakini ukipitisha ukucha unausikia. Uzi wa pamba umekata chuma. Katika kushona, kipande kile kile cha uzi hupita na kurudi mara nyingi kabla hakijaingia kwenye kitambaa, na kwa miaka ya Januari nyingi, za sare nyingi, chuma kilikubali yaishe. Sijawahi kuona picha ya bibi akiwa kazini. Mfereji huu ndio picha pekee niliyo nayo.

Na mfereji huu unakata uzi. Tulipoijaribu cherehani, uzi ulichanika nyuzinyuzi na kukatika kila baada ya hatua chache. Alama iliyo nzuri kuliko zote ndiyo inayomzuia mpwa wangu kushona.

Niliipeleka kwa fundi mzee. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaigeuza mara mbili, akasema, "Mwanangu, huu mkono umechoka. Tunaweka mwingine." Muundo wa Singer 15 uliigwa sana, na Wajapani baada ya vita na Wachina baadaye, kiasi kwamba vipuri vingi huingiliana. Alikuwa na mkono uliotoka kwenye Butterfly ya Shanghai. Nikamuuliza kama baada ya hapo itakuwa bado ni Singer. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama yeye bado ni yeye baada ya kung'olewa jino.

Plutarch alisimulia kwamba Waathene walitunza jahazi la Theseus kwa kubadilisha mbao zilizooza, moja baada ya nyingine, hadi wanafalsafa wakaanza kubishana kama ni jahazi lile lile. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes akaongeza chumvi: je, kama mtu angeziokota mbao zote kuukuu na kuziunga upya, jahazi la Theseus lingekuwa lipi? Kwenye vibaraza vya mafundi wetu swali hili hujibiwa kila siku bila kelele. Ile inayoshona sare ndiyo cherehani. Jibu hilo nalikubali, ila kwa sharti moja, na hapa nitakuwa mkali. Yupo anayebadilisha kipuri ili kazi iendelee, na yupo anayepaka rangi mpya, anabandika nakshi mpya za dhahabu, kisha anamwambia mnunuzi kwamba ni ya bibi mzaa bibi, haijaguswa. Huyo wa pili hata kama mikono yake ni hodari kuliko ya wa kwanza, anauza miaka isiyokuwepo.

Tuliubadilisha mkono. Mpya unang'aa vibaya katikati ya vyuma vilivyofifia, na sikuufifisha ili ufanane. Ukingo wa mbele hatukuugusa. Mpwa wangu ameshashona sketi nne za sare, na viganja vyake vinapita pale pale penye rangi iliyoisha, bila kujua wala kuhitaji kujua.

Mkono wa zamani nimeufunga kwenye kitambaa chenye mafuta, umo kwenye droo ya cherehani. Kaka ameuomba auweke kwenye fremu sebuleni. Shangazi anasema kipuri hakitoki kwenye droo ya cherehani yake, huwezi kujua lini kitahitajika. Nimemwambia kwamba hakifai tena, kinakata uzi. Amesema tutumie uzi mnene.