Fundi Asiyejua Alichotengeneza

Hivi mtu akitengeneza kitu bila kujua amekitengenezaje, ametengeneza kweli? Na akishukuriwa, achilia mbali kulipwa, je, ni haki yake? Labda utasema haya ni maswali ya watu wasio na kazi. Hata mimi ningesema hivyo, kama si printa ya jirani yangu.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu. Kompyuta yake ni ya zamani, ndiyo maana mimi mwenyewe nilimwekea Linux, maana ni nyepesi na haidai malipo. Wanawe wakamnunulia printa isiyo na waya, ile inayopokea kazi kupitia ruta ya nyumbani. Nikaiunganisha, ikachapa. Wiki mbili baadaye umeme ukakatika usiku kucha, na uliporudi printa ikawa bubu. Karatasi zimo, wino umo, taa inawaka, lakini kompyuta inashikilia kwamba printa haijibu. Basi nikaanza kubonyeza huku na kule. Nikazima hiki, nikawasha kile, nikabadilisha programu ya kuendeshea printa, nikaifuta kwenye orodha, nikaiingiza upya. Mara ikachapa! Mwalimu akapiga makofi: "Wewe ni fundi, mwanangu!" Akanishikisha shilingi elfu kumi. Nami nikapokea, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Mwezi uliofuata nilikuwa Morogoro, simu ikalia usiku.

"Mwanangu, lile dude limegoma tena. Nibonyeze wapi?"

"Shikamoo Mwalimu. Hebu lizime, halafu uliwashe."

"Marahaba. Nimelizima mara tatu. Kwani siku ile wewe ulifanyaje?"

Ulimi ukawa mzito. Siku ile nilibonyeza vitu kumi na viwili, wala sikujua ni kipi kati ya hivyo kilichotibu. Kumbe Mwalimu alikuwa na msiba. Dada yake amefariki, na wasifu wa marehemu ulitakiwa kusomwa kesho yake makaburini. Aliunakili kwa mkono kutoka kwenye kioo cha kompyuta, kurasa nne, macho yale ya uzeeni. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu.

Niliporudi nilikaa chini kama mwanafunzi. Kwenye Linux kazi za kuchapa husimamiwa na programu iitwayo CUPS, iliyotoka mwaka 1999, nayo haifichi kitu. Nikaandika amri fupi, lpstat -v, ikanionyesha kompyuta inampelekea nani kazi zake: anwani 192.168.1.23. Nikaiambia printa ichape ukurasa wa habari zake yenyewe. Ikajitaja: 192.168.1.31. Kumbe ndiyo hayo tu! Ruta ndiyo inayogawa anwani nyumba nzima, na ikizimika na kuwaka inaweza kugawa upya. Printa ilikuwa imehama chumba, kompyuta inaendelea kugonga mlango wa zamani. Siku ile nilipoifuta na kuiingiza upya, kompyuta iliitafuta tena ikaandika anwani mpya. Vile vingine vyote nilivyobonyeza vilikuwa mbwembwe. Dawa yenyewe ilikuwa kuingia kwenye ruta na kuitengea printa anwani moja ya kudumu.

Sasa, ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Sisemi kila mtu ajue kila kitu. Dereva wa daladala hahitaji kujua chuma kinayeyushwaje, wala mgonjwa haulizi kidonge kimesagwaje. Tungesubiri kujua yote, hakuna ambaye angetoka kitandani. Lakini dereva akijitangaza kuwa makanika, mambo yanabadilika. Jina la fundi ni ahadi. Anayekuita fundi anakuegemea, na asiyejua kwamba ameegemea ukuta wa karatasi hatajiandaa kuanguka.

Tena kuna ujinga wa aina mbili. Yupo Mmarekani mmoja, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya chuo cha MIT. Printa yao ya zamani ilikuwa ikikwama karatasi, naye aliibadilishia programu ili wanaosubiri kazi zao wapelekewe ujumbe waende kuikwamua. Karibu na mwaka 1980 wakapewa printa mpya ya Xerox, nayo ikawa inakwama vilevile, ila safari hii programu yake ilikuja imefungwa. Akamwendea mtu wa chuo kingine aliyekuwa na nakala iliyo wazi. Yule akamkatalia, eti ameahidi kutomwonyesha mtu. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, wa programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzifungua, kuzisoma na kuzirekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland akaleta kiini cha Linux, na vitu hivyo viwili vikaja kuishi nyumba moja.

Ujinga wa Stallman mbele ya printa ile haukuwa kosa lake. Alifungiwa mlango. Wangu je? Mlango ulikuwa wazi, tena kwa jasho la watu nisiowajua. Amri ya neno moja na herufi moja ingenijibu, lakini sikuuliza kwa sababu printa ilikuwa imeshachapa na makofi yameshapigwa. Hapa ndipo ninapoona uhuru una deni. Aliyenyimwa kujua anaweza kumlaumu aliyemnyima. Aliyeruhusiwa kujua akakataa, amlaumu nani?

Nasema hivi: asiyejua anaweza kusaidia, ila aseme. "Mwalimu, imekubali, lakini sijui kwa nini. Usiitegemee bado." Maneno hayo yangeninyima sifa ya dakika tano, naye angechapa wasifu mapema, au angetafuta pa kuchapisha kabla ya usiku.

Elfu kumi nilimrudishia, akaikataa. Nikamwandikia kwenye karatasi anwani ya printa, ile amri, na la kufanya namba mbili zisipolingana, tukaibandika ukutani. Juzi umeme ulikatika tena. Asubuhi nilimpitia kumuuliza kama printa inafanya kazi. Akaniambia ameshaikagua mwenyewe, namba zinalingana, niketi ninywe chai.