Mwaitu Alitaka Kusema, Nikamkemea

Maandiko ya kusoma: 2 Wafalme 20, Waebrania 11:21-22, Yohana 19:25-27

Jumapili iliyopita mchungaji alihubiri juu ya mfalme Hezekia na ile miaka 15 aliyoongezewa, na kanisa lote likasimama kushangilia. Mimi pia nilisimama. Lakini nikiwa nimesimama hivyo, kuna mstari mmoja ulionishika nguo, ule wa kwanza kabisa wa sura ya 20, kabla ya maombi na kabla ya machozi. Isaya anamwambia mfalme atengeneze mambo ya nyumba yake. Huo mstari hatuushangilii. Tunaupita mbio tufike kwa muujiza. Ndiyo maana nimeomba nafasi hii wiki hii, na ninaandika kama mtu aliyekosea, si kama mwalimu.

Mama yangu alijaribu kuongea nami mara tatu. Mara ya kwanza tulikuwa tumekaa nje tukichambua mbaazi. Akasema, "Mwanangu, siku nikianguka nisiamke, msinipeleke pale..." Sikumwacha amalize. Nikasema, "Mwaitu, hayo tunayakataa kwa jina la Yesu!" Mara ya pili ilikuwa tukitoka kliniki ya presha, ndani ya matatu, na nikamwambia asikiri kifo. Mara ya tatu alinipigia simu usiku. Nikaomba kwa sauti kwenye simu mpaka akasema amina, akanitakia usiku mwema. Nilifikiri nimekemea roho ya mauti. Aliyenyamaza ni mama.

Hakusema tena. Miezi kadhaa baadaye akapigwa na kiharusi, upande mmoja wote na ulimi ukaenda. Daktari akatuita kwa korido akasema wanaweza kumweka kwa mashine ya kupumua, lakini ubongo umeumia sana na yeye hana tumaini kubwa. Akauliza, "Mgonjwa mwenyewe angetaka nini?" Tulitazamana. Watoto watano, wote tumeokoka, hakuna aliyejua. Ndugu yetu aliye Marekani akasema kwa simu tufanye kila kitu. Dada yetu, ambaye ndiye alikuwa akimwogesha mama na kumpikia, akasema tumrudishe nyumbani. Mimi kama mzee wa kanisa nikasema tuendelee kuamini.

Tuseme ukweli sasa. Wakati ule sikuwa ninaamini. Niliogopa kuwa ndiye atakayesemwa aliachilia mama afe. Nikaificha hofu yangu chini ya neno imani, na hakuna aliyeweza kunipinga, kwa sababu nani atapinga imani? Alikaa kwa mashine siku 19. Ng'ombe waliuzwa kwanza, halafu kipande cha shamba kule chini kwa mto. Alifariki usiku, na hakukuwa na mtu wake pembeni kwa sababu muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umeisha.

Wiki moja baada ya matanga, jirani yetu aliyekuwa akiomba naye kila Jumatano alikuja kunisalimia. Akaniambia kwa upole, "Mama yako alitaka afie kwa kitanda chake, aimbiwe. Alisema nyinyi hamtaki kusikia." Kumbe alikuwa na neno, akalipeleka mahali palipokuwa na sikio.

Swali langu basi ni hili: je, kujipanga kwa ajili ya uzee, ugonjwa na kifo ni kukosa imani?

Wengi wetu tunashika Mithali 18:21, kwamba ulimi una nguvu juu ya uzima na mauti, na mimi sijaliacha andiko hilo. Maneno yana uzito. Lakini ukifungua Waebrania 11, ile sura ya mashujaa wa imani, mstari wa 22 unamtaja Yusufu. Ukiulizwa Yusufu atajwe kwa jambo gani, wewe ungesema ndoto, au kukimbia mke wa Potifa, au ile hekima ya ghala za chakula. Biblia inaacha hayo yote. Inataja kwamba alipokuwa karibu kufa aliagiza kuhusu mifupa yake. Maagizo ya mazishi! Na hayo ndiyo Roho Mtakatifu anayaita imani. Baba yake Yakobo alifanya hivyo hivyo: akamwapisha Yusufu asimzike Misri, halafu akawaita wana wote akawaeleza ni pango gani, liko wapi, na lilinunuliwa kwa nani. Alipomaliza kuagiza, akaikunja miguu yake kitandani akafa. Hakuna aliyemkemea.

Kwa hiyo tofauti si kutaja kifo au kutokitaja. Yule anayesema "mimi nimekwisha, Mungu ameniacha" na yule anayesema "Mungu akiniita, nizikeni hapa, na msigombane" wametumia neno moja, lakini hawajasema kitu kimoja. Mimi nilishindwa kusikia tofauti hiyo kwa mama yangu mwenyewe.

Na Elisha je? Alikuwa na sehemu maradufu ya roho ya Eliya. Aliponya wengine. Lakini 2 Wafalme 13:14 inasema wazi aliugua ugonjwa uliomuua. Upako haukupungua, maana hata mifupa yake ilifufua maiti. Mtu akifa akiwa mgonjwa kati yetu, tusianze kunong'ona kwamba kuna mahali imani ilivuja.

Turudi kwa Hezekia, kwa sababu kuna jambo katika hadithi yake ambalo kwa miaka mingi sikuliona. Aliomba, akapona, akapewa miaka 15. Amina. Lakini agizo la kutengeneza nyumba halikufutwa. Sasa soma mpaka mwisho wa sura. Wageni wanatoka Babeli, anawaonyesha hazina yote. Isaya anamwambia vitu hivi vyote vitachukuliwa, na baadhi ya wanawe pia. Hezekia anajibu kwamba ni sawa, mradi kuwe na amani siku zake. Manase aliyemrithi alikuwa na miaka 12 tu, maana yake alizaliwa ndani ya ile miaka ya nyongeza, na ndiye aliyeharibu Yuda kuliko karibu wafalme wote. Mtu alipewa muda wa kutengeneza nyumba, akatosheka na amani ya siku zake. Hiyo inanitisha kuliko kifo chenyewe. Naweza kuombewa, nikapona, na bado nikaacha watoto kwa mashimo.

Mfano mkubwa zaidi uko msalabani. Yesu anatundikwa, pumzi ni shida, na bado anatafuta kwa macho mama yake na yule mwanafunzi, anawapangia nani atakaa na nani. Alijua siku ya tatu inakuja! Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema "hakuna haja, nafufuka Jumapili," ni yeye. Alipanga.

Sasa kupanga ni kufanya nini hasa? Nimeuliza watu wanaojua, na mengine nimejifunza kwa uchungu.

Kwanza kuna suala la nani atasema kwa niaba yangu nikishindwa kusema. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua mtu ambaye mgonjwa mwenyewe amempa kwa maandishi mamlaka ya kukubali matibabu kwa niaba yake. Usipoandika, daktari anaachwa na korido imejaa watu wanaobishana, na mara nyingi anasikizwa mwenye pesa au mwenye sauti, wala si yule anayemjua mgonjwa. Kwetu yule alikuwa dada yangu. Mama angemchagua yeye, najua.

Halafu kuna maumivu. Wapendwa, kuna huduma ya kutuliza maumivu ya wagonjwa ambao hawatapona, na haiko mbali. Hospitali yetu ya Machakos Level 5 ina kitengo chake. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mmoja wa waliofanya kazi pale mwanzoni, Dkt. Anne Merriman, alivuka Uganda akaanzisha Hospice Africa mwaka 1993, na mofini ya maji ya kunywa ikawafikia wagonjwa wa saratani hadi vijijini. Nimesikia mtu akisema kumeza mofini ni kukata tamaa, kwa sababu hata Yesu alikataa divai iliyotiwa manemane. Yesu alikunywa kikombe chetu, hatujaagizwa tukinywe tena. Na Mithali 31:6 inaruhusu mtu anayepotea apewe kileo. (Waliokuwa wakitafuta andiko la kuingia baa, tafadhali, mstari huo hauwahusu.)

Mashine je? Mtu akisema "ubongo ukiwa umekwisha, msiniweke kwa mashine," amejiua? Nimelifikiria hili usiku mwingi. Kujiua ni kuukataa uhai ambao Mungu bado anautoa. Lakini Mungu hahitaji umeme ili aponye. Kama anataka kumwinua mtu, atamwinua hata nyumbani Kathiani. Mara nyingine tunaita imani kile ambacho ni kumzuia mtu mlangoni. Sisemi mashine ni mbaya. Kijana aliyepata ajali kwa boda, akihitaji kupumuliwa siku kumi apone, tuuze hata viti vya kanisa. Ninasema swali liulizwe mapema, na aulizwe mwenye mwili.

Hapa nataka kuonya, kwa sababu najua sisi wanadamu. Kuna watoto watakaosoma ukurasa huu wafurahi: "Afadhali, mama ameshasema tusitumie pesa." Soma Marko 7 uone Yesu aliwaambia nini waliosema mali yao ni korbani ili wasiwasaidie wazazi. Mzee akisema "sitaki kuwasumbua," huenda anasema kile anachodhani tunataka kusikia. Muulize tena siku nyingine, mkiwa mmekula na hakuna haraka. Na mlipie bima akiwa bado anatembea. Tangu Oktoba 2024 NHIF iliisha ikaja SHA, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kuna watu hapa wanachanga elfu nyingi kwa kamati ya mazishi ya mzee ambaye hawakuwahi kumlipia hiyo mia tatu.

Wosia ni jambo lingine. Sheria ya Urithi inakubali wosia wa mdomo ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini mwenyewe asipofariki ndani ya miezi mitatu, maneno hayo hayana nguvu tena. Kwa hiyo ule mkutano wa baba chini ya mwembe miaka saba iliyopita usiutegemee. Andika, tia sahihi mbele ya mashahidi wawili, na mashahidi wasiwe wale wanaorithi. Na mambo ya hospitali na mazishi usiyafungie ndani ya wosia, kwa sababu wosia husomwa baada ya matanga. Hayo yaseme mdomoni na uyaandike kando, watoto wote wakiwa wamekaa.

Wazee wenzangu wanakumbuka kesi ya S. M. Otieno. Wakili mkubwa wa Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe Wambui akasema mumewe alitaka kuzikwa Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema ni Nyalgunga, Siaya. Mashahidi wakasimama kila upande, kila mmoja na yale aliyoambiwa na marehemu. Mwili ulikaa mochari hadi tarehe 23 Mei 1987 ndipo ukazikwa Nyalgunga. Hata angeandika, mahakama zetu husikiliza matakwa ya marehemu lakini hazifungwi nayo, ndiyo maana karatasi peke yake haitoshi. Ukoo unahitaji kusikia ukiwa hai. Na kama mtu aliyeijua sheria hivyo alifikia hapo, mimi na wewe wa Masaku je?

Mwezi uliopita niliwaita watoto wangu. Nilikuwa nimeandika karatasi mbili kwa mkono. Nikaanza kusoma, "Nikishindwa kusema, atakayesema ni..." na binti yangu mkubwa akasimama. "Baba, ashindwe! Hiyo hatupokei." Ni sauti yangu mwenyewe niliyoisikia. Nikamwambia keti mama, nisikize kama vile mimi sikumsikiza shosho yako. Akakaa, lakini hakutazama karatasi.

Juzi kitinda mimba alinipigia simu kutoka kazini. Akasema amekuwa akifikiria ile karatasi na kuna mahali haielewi. "Umeandika mashine isizidi siku chache. Chache ni ngapi, baba? Mimi ndiye nitaulizwa." Nilikaa kimya na simu sikioni. Sikuwa na jibu. Tumekubaliana tuongee Jumapili hii baada ya ibada, na dada yake amesema atakuja.