Ufa Uzibwe kwa Kinachouziba

Palikuwa na baba mmoja huko Bugarama, kwenye ukanda wa Rumonge nchini Burundi, milima inaposhukia Ziwa Tanganyika. Maji ya mtaa wao yalitoka kwenye chemchemi ya mlimani yakateremka bombani bila pampu. Siku moja bomba la plastiki uani likaanza kuvuja penye kiungo.

“Baba watoto, tumwite fundi,” mkewe akasema.

“Pesa ya fundi ni ya ndagala, mama watoto. Hili naliweza.”

Hakufunga vali. Alikata tyubu ya baiskeli, akaizungusha na kuikaza. Mchana pakakauka, akajisifu. Usiku majirani walipofunga koki zao, shinikizo likapanda. Kila mita 10 za kimo huongeza karibu bar 1. Chemchemi ikiwa mita 60 juu ya nyumba, ni bar 6 zinazosukuma ukanda wa mpira. Ukafumuka.

Kesho yake akapasha ncha ya bomba kwenye makaa ili iingie soketi ya saizi nyingine. Plastiki ikalegea, ikapoa ikiwa imepinda, kisha ikapasuka kwa urefu. Shimo alilochimba kulifikia bomba likajaa tope, na choo hakikuwa mbali. Maji yalipokatika huko juu, bomba tupu likayanyonya yale ya shimoni. Yaliporudi, koki ya jirani ilitoa maji ya rangi ya chai.

Hapo ndipo penye hatari. Kipindupindu si kigeni kando ya ziwa hili, na Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wake. Uvujaji wa nyumba moja huweza kuwafanya watoto wa nyumba kumi waugue.

Fundi alipoitwa, kwanza alifunga vali. Akakata sehemu iliyoharibika kwa msumeno, akakwangua ncha, akapaka gundi, akatia soketi za saizi ileile, akaacha zikauke, ndipo akafungua maji polepole.

“Mzee wangu,” akasema, “ungefunga vali ukaniita siku ile, ningekata kipande cha kiganja tu. Sasa tumelazimika kubadilisha kipande kirefu.”

Funzo ni hili: usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa uzibwe kwa kinachouziba. Kubadilisha kipira cha koki, vali ikiwa imefungwa, ni kazi ya mwenye nyumba. Bomba lililofukiwa lenye shinikizo ni kazi ya fundi. Na likishatengenezwa, yaachie maji yatiririke mpaka yatakate, kisha uchemshe ya kunywa.