Kengele na Hodi

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, ambavyo baadhi yake ni vyembamba mno, baiskeli na watembeao kwa miguu hukutana kila siku. Nani ampishe mwenziwe? Wapo wasemao kwamba apigaye kengele amekwisha timiza wajibu wake. Sikubaliani nao. Kengele ni ndugu ya hodi, na abishaye hodi haingii kabla hajaitikiwa. Mzee asiyesikia vizuri, mama aliyejitwika ndoo, mtoto akimbizaye mpira: hao hawajaitikia. Basi mwenye baiskeli na apunguze mwendo. Pakiwa pembamba ashuke, aamkie, asukume, apite. Atapoteza dakika moja, wala si heshima yake. Mwendo wa kasi ameuchagua yeye. Madhara yake aweza kuyapata mtu ambaye hakuchagua lolote.

Lakini vijana watatu wanaotembea bega kwa bega, mazungumzo yamewanogea, njia nzima wameiziba, nao wana deni. Huenda apigaye kengele nyuma yao amepakia mikate ya kuuza, au mgonjwa. Huyo amebisha hodi kwa adabu. Na wamwitikie upesi, wasogee ukutani au wapande barazani, apite.