Kufunga kwa ajili ya kilo, je, huko ni kufunga?



Kuna jambo linalosemwa kwa sauti ya chini katika parokia zetu za mjini, hasa kati ya akina mama, ingawa wababa nao wamo. Mtu anatangaza kwamba ameingia katika kufunga kwa siku 21, au 40, maji tu. Tunamheshimu, tunamwombea, hatumwulizi kitu. Baadaye tunasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe, kwa kicheko kidogo, kwamba kusudi lilikuwa kilo. Munganga alimwambia ana tansio na sukari, apunguze mwili. Au nguo ya arusi ya binti yake ilikuwa haimwingii. Au aliona katika simu picha ya mtu wa nchi ya mbali aliyekaa mwezi mzima bila kula akatoka mwembamba kama kijana. Maombi yalikuwamo pia, anasema. Basi swali limefika kwetu na hatuwezi kulikwepa: je, mkristo anaweza kufunga muda mrefu ili apungue, naye akakuita kufunga huko kwa jina lile lile la kufunga mbele za Bwana?

Tunajibu kwanza kwamba kupunguza mwili si dhambi. Wazazi wetu walimsifu mtu mnene, kwa sababu unene ulikuwa alama ya nyumba yenye chakula na amani, na aliyekonda aliulizwa ana ugonjwa gani. Leo kisukari na tansio vimeingia katika nyumba zetu, na mtu anayejitahidi ili watoto wake wasibaki yatima anafanya vema. Kanisa letu lenyewe lilizaliwa karibu na kitanda cha mgonjwa: tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji kilicho karibu na Nkamba, Simon Kimbangu alianza kazi yake kwa kumwekea mikono mwanamke aliyekuwa mgonjwa, naye akasimama. Mwili wa mtu si takataka mbele za Mungu. Tunachouliza sisi ni njia, na zaidi ya njia tunauliza jina.

Nabii Isaya, katika sura ya 58, anaeleza kufunga anakokupenda Mungu: vifungo vinafunguliwa, mwenye njaa anagawiwa mkate, asiye na nyumba anaingizwa ndani. Maana yake chakula ambacho wewe hukula kinatoka nyumbani kwako na kwenda kwa mwingine. Kufunga kwa ajili ya kilo hakutoki nyumbani. Kunaanza kwangu na kuishia kwangu, mbele ya kioo na juu ya mizani. Hatusemi ni uovu. Tunasema ni matibabu. Na matibabu yana maswali yake: kiasi gani, siku ngapi, kwa mgonjwa wa namna gani, nani anamwangalia. Hakuna mtu anayekunywa kinini bila kuuliza vidonge vingapi.

Lakini tukiyavika matibabu nguo ya maombi, maswali hayo yote yananyamaza. Munganga haulizi, kwa sababu ameambiwa ni jambo la Kanisa. Mchungaji haulizi, kwa sababu ameambiwa ni jambo la siri kati ya mtu na Mungu wake. Mume anaogopa kumwambia mke wake ale, asije akapigana na Roho. Hivyo mtu aliyesema uongo mdogo juu ya kusudi lake amejiondolea walinzi wake wote kwa neno moja, naye anabaki peke yake na njaa. Wengi wanafikiri ubaya wa uongo huo ni kumdanganya Mungu. Mungu hadanganyiki. Wanaodanganyika ni wale ambao wangemsaidia.

Sasa tuangalie mwili wenyewe. Mungu ameweka akiba ya sukari katika ini, nayo inakwisha kwa muda wa siku moja hivi. Baada ya hapo mwili unaanza kula mafuta yake, na ndilo jambo wanalolisifu wenye kufunga. Lakini unakula pia nyama yake, yaani misuli, na moyo nao ni msuli. Kilo zinazopotea upesi katika siku za kwanza ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa, ndiyo maana zinarudi mtu akila siku chache tu, naye analia kwamba shetani amemrudishia unene. Shetani hakuhusika. Siku zikiendelea, chumvi za mwili ambazo wanganga wanaziita potasiamu, fosfati na magnesiamu zinapungua, damu inashuka mtu akisimama, anaanguka chooni usiku, na moyo unaweza kupoteza mwendo wake bila kutoa onyo. Na yule anayekataa hata maji hahesabu majuma. Anahesabu siku chache tu.

Wengine wanatutajia habari ya Angus Barbieri, kijana wa Scotland, ambaye kati ya 1965 na 1966 alikaa siku 382 bila chakula, akashuka kutoka kilo 207 mpaka kilo 82. Habari hiyo ni ya kweli, ila haisimuliwi yote. Alikuwa mikononi mwa wanganga wa Dundee, wakimpa vitamini na chumvi, wakipima damu yake na mkojo wake. Tena alianza na akiba ya mafuta ambayo katika parokia zetu hatumjui mwenye nayo. Katika miaka ile ile wagonjwa wengine waliofungishwa hospitalini walikufa, na wanganga wakaiacha njia hiyo. Mwaka 1981, wafungwa wa Ireland ya Kaskazini waligoma kula, wakinywa maji na chumvi. Watu 10 walikufa. Aliyekufa upesi alifika siku ya 46, aliyechelewa siku ya 73. Walikuwa vijana. Basi anayefundisha kwamba siku 40 ni salama kwa kila mtu, ajue kwamba anawatembeza watu karibu na ukingo wa shimo. Na huko Marekani, katika jimbo la Washington, Linda Hazzard aliwafungisha watu kwa muda mrefu akiahidi kuwaponya karibu kila ugonjwa. Mwaka 1912 alihukumiwa kwa ajili ya mwanamke aliyekufa kwa njaa mikononi mwake, na mwaka 1938 yeye mwenyewe alikufa akiwa katika kufunga. Hatumtaji ili kumcheka. Inaonekana aliamini kweli alichofundisha, lakini imani yake haikuongeza chumvi katika damu yake.

Hatari nyingine wengi hawaijui kabisa, nayo iko katika siku ya kufungua. Mtu amekaa siku 21, ndugu wanakuja kwa furaha, wanapika bugali, nyama, wanaleta soda. Mwaka 1945, vita vya pili vya dunia vilipokwisha, watu waliotoka katika kambi za mateso walipewa chakula kingi, na wengine wakafa wakiwa huru, chakula kikiwa tumboni. Sababu yake inajulikana: sukari ikirudi kwa nguvu, chembe za mwili zinavuta fosfati na potasiamu kutoka katika damu kwa haraka, na moyo unakosa. Wanganga wanaanza kuogopa hatari hiyo kwa mtu yeyote ambaye hakula, au alikula kidogo sana, kwa zaidi ya siku 5. Siku 5 tu, wapendwa. Daudi na watu wake walipomkuta yule Mmisri aliyeachwa bila chakula wala maji siku tatu, 1 Samweli 30, walimpa mkate na maji, kipande cha mkate wa tini na vichala viwili vya zabibu. Hawakumwandalia karamu.

Tufike sasa penye uzito kwetu sisi, watu wa Kanisa la kinabii. Sisi tunaheshimu ndoto na maono, hatuwezi kuacha kuviheshimu. Lakini mtu asiyekula kwa majuma anapungukiwa na vitamini ile wanayoiita B1, na upungufu huo una dalili zake: macho yanachezacheza, miguu inayumba kama ya mlevi, maneno yanachanganyika, mtu hajui ni siku gani wala yuko wapi. Katika nyumba ya maombi dalili hizo zitaitwaje? Kundi moja litasema Roho ameshuka, na litaandika kila neno analosema. Kundi lingine litasema ni pepo, na litamfunga kamba ili kumfukuza. Wote wawili wanapoteza saa ambazo dawa ingeweza kumwokoa, kwa sababu akichelewa anaweza kubaki bila kumbukumbu maisha yake yote, au kufa. Kwa hiyo tunasema wazi: ono lililokuja siku ya 20 ya njaa lingoje mpaka mwenye nalo amekula na kupata nguvu, ndipo wazee walipime. Kama limetoka kwa Mungu, halitaharibika kwa uji.

Tunajua jibu litakalokuja. Musa alikaa siku 40, Eliya siku 40, Bwana Yesu siku 40. Mungu aliyewalinda atanilinda na mimi. Ndugu, someni vizuri. Eliya, katika 1 Wafalme 19, alikuwa amelala akitaka kufa, na malaika alimwamsha mara mbili ili ale, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kwake. Ndipo akatembea siku 40. Malaika alianza na mkate. Wanaomtaja Danieli nao wasome mpaka mwisho wa habari: baada ya siku 10 za mboga na maji, vijana wale walionekana wamenenepa kuliko wenzao. Anayetafuta kukonda asimtaje Danieli! Na katika Mathayo 4, baada ya zile siku 40, mshawishi alimpandisha Bwana juu ya hekalu na kumwambia ajitupe, maana malaika watampokea. Alikataa. Mtu anayeumwa kisukari, anayekunywa vidonge au kupigwa sindano kila siku, akikaa bila chakula huku dawa inafanya kazi, sukari yake inaweza kushuka mpaka anapoteza fahamu. Akisema malaika watanipokea, amesimama juu ya hekalu lile lile.

Tukumbuke pia Sauli, ambaye katika 1 Samweli 14 aliwaapisha askari wasionje kitu mpaka jioni, wakazimia njiani. Yonathani alionja asali, macho yake yakapata nuru, akasema baba yake ameitaabisha nchi. Na Paulo katika dhoruba, Matendo 27, aliwaona watu waliokaa siku 14 bila kula, naye hakuwaongezea siku. Aliwasihi wale kwa ajili ya wokovu wao, akaushika mkate mbele yao wote. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, pwani ya Kenya, dunia iliona kiongozi anapofanya kinyume cha Paulo: miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watoto kati yao, ya watu walioambiwa kwamba njaa itawapeleka kwa Yesu. Anayefunga kwa ajili ya kilo atasema hayo hayamhusu. Yanamhusu kwa jambo moja: pale nako mwenye njaa hakuruhusiwa kuulizwa swali.

Tena kuna aibu ambayo hatutaki kuipita. Katika nchi yetu, hesabu za miaka ya karibuni zimetaja watu zaidi ya milioni 20 wenye shida kubwa ya chakula. Katika benchi lile lile la kanisa anakaa mama ambaye jana nyumba yake ilikula mara moja, sombe bila mafuta, na pembeni yake mwingine anayetoa ushuhuda kwamba Bwana amemwondolea kilo 15. Yule wa kwanza atasema amina? Afadhali huyu wa pili, ambaye munganga amemwambia apungue, apunguze sahani yake kila siku kwa mwaka mzima, aache soda na mafuta mengi, atembee kwa miguu mpaka kanisani, na kile alichopunguza akipeleke kwa jirani yake. Hapo matibabu na kufunga vinaweza kukaa nyumba moja bila kudanganyana. Ni njia ya polepole, na haina ushuhuda wa kushangaza, tunakubali.

Hatukatazi kufunga. Mtu mzima mwenye afya akifunga siku moja, huku anakunywa maji, anaweza kuomba vizuri na kurudi kazini kesho. Lakini mwenye mimba na anayenyonyesha, mtoto, mzee aliyedhoofika, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo au moyo, anayekunywa dawa za kifua kikuu au za ukimwi, hao waombe wakiwa wamekula. Mwenye malaria vilevile, kwa sababu malaria yenyewe na kinini vinashusha sukari ya damu. Na katika retreti zetu, anayetaka kupita siku tatu amwambie mchungaji na muuguzi wa parokia kabla ya kuanza, aseme na kusudi lake bila kulificha.

Kwa ndugu ambaye anasoma maneno haya akiwa siku ya 12, au ya 30, tunamwambia asiogope kuacha, na asione haya. Asifungue na bugali, wala soda, wala sukari nyingi. Aende kwanza kwenye kituo cha afya, akisindikizwa na mtu, asiende peke yake kwa pikipiki. Kama kituo kiko mbali, aanze na uji mwepesi wenye maziwa, au maharagwe yaliyopondwa, vikombe vidogo kwa siku nzima, nusu ya anachotamani, huku mtu wa nyumbani akimwangalia usiku. Moyo ukipiga vibaya, miguu ikivimba, au akianza kuchanganya maneno, abebwe saa ile ile. Na akifika, aseme kweli idadi ya siku alizokaa bila kula, kwa maana munganga atapima chakula na dawa kwa hesabu hiyo.